Magoti Aliyopiga Chediel

Kitongoji cha Mlimani,
Kinampanda, Iramba.
22 Februari 2026.

Mpendwa Baba Mdogo Sostenes,

Shikamoo. Kabla sijasema neno la huku, naomba nijue ya huko. Ule mgongo uliokuwa ukikubana ukipanda mitini kutundika mizinga umeachia? Mama Mdogo Dorkas hajambo? Mara ya mwisho tuliposikia habari zenu alikuwa anatoka kwenye malaria. Na wadogo zangu wanaendeleaje na shule? Sisi huwa tunaitaja Inyonga kila jioni kwenye sala, ingawa Mama bado anaiita Inyoga na hakubali kusahihishwa.

Mimi niko hapa Kinampanda tangu Januari. Gerald nimemwacha Mwankoko na watoto, maana ana kazi ya kujenga huko mjini na shule zimeshafunguliwa. Ananipigia simu kila siku kuuliza chumvi iko wapi. Mama, shemeji yako Lea, ni mzima, isipokuwa macho yanamsumbua jua likianza kuzama.

Mvua ilichelewa, tukakata tamaa, kisha ikaja yote kwa pamoja. Alizeti ya shamba la bondeni imesimama vizuri. Mahindi sitaki kuyasemea, yana viwavi.

Hali ya Baba ndiyo sababu ya mimi kuwa hapa. Miguu imevimba mpaka magotini. Daktari alisema moyo umechoka, akampa dawa za kupunguza maji mwilini, akatukataza kumpa chumvi nyingi. Halali chali tena, analala ameegemea mito. Ukimuuliza, anajibu kuwa hajambo, na ameniagiza nikuandikie hivyo hivyo. Nimekuandikia alivyosema, na nimekuandikia nilivyoona.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana. Unajua tabia yangu ya kuandika mambo ya kila siku kwenye daftari langu, tangu nikiwa sekondari, nawe ulikuwa ukinitania kwenye barua zako kuwa nitakuja kuandika hata nimepiga chafya. Wiki hii nimeandika kwa penseli. Sijawahi. Naona kama mambo yenyewe bado hayajakaa, na mimi pia sijakaa. Nikichota maji nasahau ndoo, nikianza kupalilia nakuta nimesimama na jembe mkononi.

Huenda hujui kuwa Baba yuko nje ya kundi. Lilitokea baada ya wewe kuondoka. Mwaka ule wa ukame wazee wa ukoo walikwenda kwenye kaburi la Babu kumimina pombe na asali kuomba mvua, na Baba alikwenda nao, naye alikuwa mzee wa kanisa. Usharika ukamtenga. Wenzake walirudi mmoja mmoja, walisimama mbele wakatubu, wakapewa mkono, mambo yakaisha. Baba hakurudi. Miaka yote hiyo amekuwa akienda kanisani kila Jumapili, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na meza ikianza kuandaliwa kwa Chakula cha Bwana anainuka taratibu anatoka nje. Nimekua nikimwona akitoka. Tukiwa wadogo tulimfuata tukacheza chini ya dirisha, tukidhani ni haki yetu.

Watu walisema ni kiburi. Na mimi nilisema ni kiburi, ila moyoni.

Mwaka jana tulipata mchungaji mpya, Mchungaji Benjamin, kijana kuliko mimi. Alipoona Baba hawezi tena kutembea hadi kanisani, aliongea na baraza la wazee wakakubali jambo ambalo halijawahi kufanyika hapa: Baba atubu nyumbani, akiwa ameketi, kisha apewe Chakula cha Bwana kitandani. Unajua desturi yetu. Aliye nje ya kundi akifa, mwili wake hauingizwi kanisani na kengele haipigwi. Mama alilia kwa furaha. Alimchinja jogoo mwekundu ambaye hata mimi nilikuwa nimeshakatazwa kumgusa.

Walikuja Jumamosi tarehe 14, Mchungaji, Mzee Antipasi na Mzee Nathan. Tukatandika kitambaa cheupe juu ya meza ya kulia chakula. Tuliimba ubeti mmoja. Mchungaji akamuuliza Baba kwa upole kama anajutia dhambi ile aliyotengewa.

Baba akasema, “Hiyo? Hiyo niliijutia jioni ile ile, nikiwa bado na matope ya kaburini miguuni. Mungu anajua.”

Mzee Antipasi akacheka kwa kufarijika. “Sasa Zefania, kumbe ulijuta! Umetusumbua miaka yote hii kwa nini? Si ungesema?”

Baba hakucheka. Alitazama ule mkate uliofunikwa, akasema, “Nilikaa nje kwa sababu ya kosa jingine. Mlinitenga kwa hili, mimi nikakipokea kifungo kwa lile. Nikaona Mungu ana haki, amewatumia ninyi bila ninyi kujua. Sasa mnanifungulia mlango wa kosa ambalo silo. Ondoeni meza.”

Baba Mdogo, mchuzi wa jogoo ulikuwa unachemka jikoni, nilikuwa nausikia. 

Nitakuandikia alichosema kama alivyokisema, maana ameniagiza nisikipambe. Asali ya mizinga yako ya kule kwenye kilima cha mawe, ile uliyokuwa umeiacha mpaka itoshe kwa ajili ya mahari, hakuirina jirani yetu Chediel. Aliirina Baba.

Naomba usiiweke barua chini. Endelea kusoma.

Ulikuwa mwaka wa njaa na mimi nilikuwa bado nanyonya. Nilishikwa na kifua, nikawa nabadilika rangi. Baba hakuwa na kitu cha kuuza. Mama anasema alimwambia, nenda kwa Sostenes umwombe, ni mdogo wako. Baba akajibu kaka mkubwa haombi kwa mdogo wake, tena mzee wa kanisa, tena asali ya mahari. Akapanda kilimani mwenyewe alfajiri na moshi wake. Asali iliuzwa Shelui kwa watu wa malori, nikapelekwa hospitali, nikapona. Mama aliambiwa kuwa ni asali ya mizinga ya Baba mwenyewe, na aliamini hivyo mpaka Jumamosi ile.

Mengine unayajua kuliko mimi, ulikuwepo. Ulikuta mizinga mitupu. Mbuzi wa Chediel walikuwa wakilishwa kwenye kilima kile, na nyumbani kwake ilikutwa nta, nta ya mizinga yake mwenyewe. Ukamtaja jina mbele ya wazee, mkapigana sokoni, na mwezi uliofuata ukaondoka. Usharika ukamtenga Chediel kwa wizi. Baba alikuwa ameketi kwenye baraza lililomtenga.

Usilolijua ni hili, kwa kuwa lilitokea ukiwa umeshafika huko Inyonga, Katavi. Chediel alikataa kutubu kwa muda mrefu, akisema hawezi kutubia mdomo wa mtu mwingine. Kisha binti yake Anastazia akachumbiwa, na ndoa ilikuwa ifungwe kanisani, na baba aliye nje ya kundi hawezi kumwingiza bintiye madhabahuni. Basi Chediel alikwenda. Alipiga magoti mbele ya usharika wote, si kwenye mkeka, kwenye sakafu, akasema, “Niliiba asali ya Sostenes, naomba mnisamehe.” Wakamsamehe. Na aliyetumwa na wazee kumshika mkono na kumwinua alikuwa Baba.

Baba alipofika hapo alisimamisha maneno. Aliuangalia mkono wake wa kulia, akaugeuza.

 Mama akamgeukia Mchungaji, akasema kwa haraka, “Lakini ilikuwa kwa ajili ya mtoto, Mchungaji. Mtoto mwenyewe huyu hapa. Mungu si anaona? Angekufa!”

“Lea,” Baba akasema, “usimweke Evodia mbele yangu kama ngao. Kupanda kilimani nilipanda kwa ajili ya mtoto, sawa. Kunyamaza nilinyamaza kwa ajili ya nani?”

 Mama alikwenda jikoni kuuepua mchuzi motoni, akakaa huko huko.

Baba Mdogo, naomba nikwambie la kwangu kidogo, kisha nirudi kwenye lake. Tangu siku ile sijui nijiweke wapi. Kwenye mafundisho ya kipaimara tulikaririshwa kuwa mtu hutambua dhambi, huungama, husamehewa, na mimi napenda mambo yaende kwa utaratibu. Huku kwetu utaratibu umevurugika wote. Aliyetenda hakuungama. Asiyetenda aliungama. Kanisa likamsamehe asiye na kosa. Na mimi niko hai, nimeolewa, nina watoto, kwa asali iliyokuwa mahari yako. Nikisema nasikitika ilichukuliwa, nasema nasikitika nilipona. Nikisema nashukuru, nitakutazamaje wewe, au Chediel? Nikiwa napalilia maneno hayo yanazunguka tu, hayatui.

Nilimuuliza Mchungaji Benjamin alipokuwa anaondoka, nikimsindikiza mpaka kwenye pikipiki yake. Nilimwambia, Mchungaji, ule msamaha uliotangazwa siku ile Chediel alipopiga magoti, ulikwenda kwa nani? Nilitegemea anipe mstari. Alivaa kofia yake ya pikipiki, akaivua tena, akasema, “Sijui, Evodia. Labda bado upo pale sakafuni unamsubiri mwenyewe.” 

Kabla ya kuondoka alikuwa amejaribu tena. Alimwambia Baba kuwa ameungama mbele ya mashahidi, kwamba wokovu ni neema na hakuna mtu anayeununua kwa kukaa nje ya mlango, hata akikaa maisha yake yote. Baba akamkubalia. Alisema hilo ndilo alilochelewa kulielewa, alidhani akikaa nje vya kutosha deni litaisha lenyewe. “Sasa najua haliishi hivyo. Lakini Mchungaji, si wewe uliyehubiri kuwa mtu akileta sadaka madhabahuni akamkumbuka ndugu yake aliyemkosea, aiache pale pale aende kupatana kwanza? Mimi ndugu zangu ni wawili. Mmoja yuko Katavi. Mmoja nasikia kengele za mbuzi wake kutoka hapa.”

Mzee Antipasi ambaye hapendi mambo marefu akauliza, “Na ukifa katikati?”

“Nikifa katikati, semeni nilikuwa njiani.”

Basi wakaondoa kitambaa. Jogoo tulimla kimya kimya.

Jumanne nilikwenda mwenyewe kumwita Mzee Chediel. Nilimkuta anatengeneza mlango wa zizi. Yeye hajabadilika sana, mwembamba vile vile, na utani wake wa zamani. Aliponiona akasema, “Ehe, mtoto wa mwenye miguu mikubwa! Baba yako amekubali sasa kuwa mimi ndiye kijana?” Nikashindwa kucheka. Akaniangalia, akaweka nyundo chini.

Alikaa kwenye kile kigoda karibu na kitanda. Mama alileta chai akaiweka. Baba alimwambia yote, hakujitetea hata kwa neno moja, na mimi sikutajwa. Ilipoisha, Chediel alikuna goti. Nilidhani atasema alijua siku zote. Watu wa hadithi hujua siku zote. Yeye hakujua.

Akasema, “Nilimshuku marehemu mke wangu.”

Baba akainua kichwa.

“Nilidhani ni yeye alimpa kaka zake asali. Kwa kuwa mimi sikuiba, nikasema basi ni wa nyumbani kwangu. Sikumwuliza. Nilimnunia tu, wakati mwingine mwaka mzima. Amekufa hajui kwa nini nilikuwa namnunia.” Kisha akasema, “Hilo nalo uliandike kwenye hesabu yako, Zefania.”

Baba Mdogo, Baba alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata msibani. Alisema, “Chediel, pole. Pole ndugu yangu.”

“Usinipe pole. Pole ni ya mgonjwa, na mgonjwa ni wewe.” Akasimama. “Wewe uliniinua mbele ya watu kwa mkono wako. Mbele ya watu hao hao, waliobaki, na watoto wao, utaniinua tena. Useme jina langu na useme lako. Nasikia Mchungaji amekuletea toba ya kitandani. Mimi ya kitandani siitaki.”

Mimi nikaingilia, nilikosa adabu kidogo. Nikamwambia Baba hawezi kutembea, na daktari amekataza, na Mchungaji amesema wokovu ni bure.

Hakunikasirikia. Alisema, “Mwanangu, wokovu ni bure, sibishi. Jina langu halikuwa bure.” Akavaa kofia akatoka. Chai hakuigusa. Nawe unajua kwetu kuacha chai ya mtu iliyokwisha kumiminwa maana yake ni kwamba hamjapatana. Mama aliimwaga nje akiwa amegeuza uso.

Usiku wa siku ile sikumwonea Chediel huruma hata kidogo, nilimwona mgumu. Nikajiuliza, msamaha gani huu wenye masharti? Kesho yake nikawa nafua, na nilipoinama kwenye beseni magoti yangu yalipogusa kokoto, nikamwelewa. Kisha jioni nikawa simwelewi tena. Ndivyo ninavyoishi wiki hii. Baba ndiye peke yake aliyetulia. Alipomaliza kulia aliomba uji, akanywa bakuli zima, akaniambia, “Umemsikia? Amesema nitamwinua tena. Hajasema hawezi kuinuliwa.”

Baba ameshaamua. Jumapili ya Matawi, tarehe 29 Machi, ndiyo siku wanaorudi kundini wanapokelewa hapa kwetu kabla ya Pasaka. Atabebwa hadi kanisani kwenye kiti, Mzee Antipasi ameshatafuta vijana wa kwaya. Atakaa benchi la mbele. Atatubu kwa mdomo wake, kwa kutaja majina. Mchungaji ana wasiwasi na moyo wake, na mimi nina wasiwasi zaidi, maana wiki tano ni nyingi kwa mtu anayelala ameketi. Nilimwomba akubali kupokea mkate sasa na kutubu baadaye, ili lolote likitokea awe ndani. Alikataa. Hayo ndiyo yaliyo mbele yetu, Baba Mdogo: ama atafika siku ile, ama atafia mlangoni.

Na hapa ndipo unapoingia wewe. Simu Baba hataki. Anasema jambo lililokaa miaka thelathini na zaidi halipiti kwenye simu inayokatika katika, ukasikia nusu ukatupa nusu. Ndiyo maana barua hii inapitia kwa dereva wa lori la vitunguu mpaka Tabora, kisha itakuja kwa basi la Inyonga. Anakuomba msamaha. Hakusema usahau. Alisema, “Mwandikie kuwa nilimwibia, halafu nikamwacha agombane na mtu mwingine, halafu nikamsindikiza mpaka stendi nikampa mkono wa kwaheri.” Kisha akaniambia niandike kuwa anakumbuka ulivaa shati la bluu.

Mzee Chediel naye amekutumia neno. Nilikutana naye kisimani Ijumaa, nikamwambia nakuandikia. Alisema, “Aliyenitaja jina si Zefania. Ni Sostenes. Mwambie barua yake siitaki, naitaka sura yake.” Sikuona hasira usoni mwake aliposema hivyo, lakini utani nao sikuuona. Nakuletea kama nilivyopewa. Mimi ni mtoto wenu, siwezi kukuelekeza la kufanya. Nasema tu kuwa ulidanganywa, nawe kwa kudanganywa ukamtia mtu kitanzi, na wote mko hai bado. Wengi hawapati bahati hiyo.

Kitu kimoja nilitaka kukuambia, huenda kikakusaidia au kikakuumiza. Mizinga yako bado ipo kilimani. Ile ya kwanza ilishaoza, lakini kila mmoja ukioza Baba alichonga mwingine, akauchora alama yako ya mistari mitatu, akautundika pale pale. Hakuna aliyeruhusiwa kuurina. Tukiwa watoto tulimwuliza kwa nini asali inaachwa nyuki wanakula wenyewe, akawa anajibu, “Ina mwenyewe.” Tulidhani ni mambo ya ukoo. Mwaka huu hakuweza kupanda, nikapanda mimi mpaka chini ya mti kuangalia. Mizinga miwili ina nyuki. Wanavuma kweli kweli.

Nilikuwa nimefika hapa kwenye barua, nikasikia sauti chumbani nikaacha kalamu. Ngoja nikuandikie nilichokiona, kisha nifunge, maana dereva anapita asubuhi.

Tangu Alhamisi Baba amekuwa akijizoeza kupiga magoti. Nilidhani ananificha, kumbe Mama anajua. Tumemwambia kanisani atakaa tu, hakuna atakayemlazimisha, na magoti yale yamevimba kama maboga. Anajibu kuwa Chediel hakukaa. Basi anakunja ngozi ya mbuzi, anaiweka sakafuni, anashika mbao ya kitanda na kushuka. Mara nyingi hafiki.

Leo baada ya ibada nilimkuta ameshika mbao ile anashuka, jasho linamtoka, na mlangoni amesimama Mzee Chediel. Sijui alikuja kufanya nini. Alikuwa na mbuzi mmoja wa kamba, labda alikuwa anapita tu. Hawakuwa wameniona.

Chediel akasema, “Sasa hayo ni magoti gani? Unashuka kama ng'ombe!”

Baba akajibu bila kugeuka, “Ng'ombe nao wanafika chini.”

“Wanafika, lakini wana miguu minne. Mtu anaanza goti moja. La kulia. Unaweka uzito, unapumua, ndipo la pili. Na hiyo ngozi iondoe.”

“Iache, Chediel. Kwa mazoezi tu.”

“Kwa mazoezi, haya. Siku yenyewe, sakafu.”

Akamfunga mbuzi kwenye bawaba ya mlango, akaingia. Akamshika Baba chini ya kwapa. Alihesabu kwa sauti kama mtu anayeshusha gunia kwenye lori. Goti la kulia. Pumua. La kushoto. Baba akafika chini. Wakabaki hivyo, mmoja ameinama mmoja amepiga magoti, wote wakihema, na yule mbuzi anatafuna pazia la Mama.

“Umeona?” Chediel akasema. “Mimi sikufundishwa na mtu.”

 Chediel akamwinua, ikawa kazi kuliko kumshusha, nikaingia kusaidia.

Mama akaleta chai kwa mara ya pili. Chediel akakitazama kikombe. Akasema, “Lea, hiyo ifunike. Nitainywa Jumapili ya Matawi.”

“Itachacha, shemeji.”

“Basi utapika nyingine. Majani si mnayo?” Akamfungua mbuzi wake akaenda.

Mama hakuimwaga. Ameiweka mezani, imefunikwa na sahani. Ninaiona kutoka hapa ninapoandika. Ameshaniambia kesho atapika nyingine na kuifunika vile vile, na keshokutwa, mpaka siku ifike. Nimemwambia ni kupoteza majani. Akaniambia nikuandikie wewe barua na nimwachie yeye chai.

Benchi la mbele ni refu, Baba Mdogo. Basi la kutoka Inyonga linalala Tabora, na ukifika Shelui asubuhi utapata gari la kuja huku bila shida. Ukinitumia neno nitakusubiri barabarani mwenyewe, hata kama mvua inanyesha.

Salamu nyingi kwa Mama Mdogo Dorkas, mwambie kitenge alichonitumia bado nakivaa. Wasalimie wadogo zangu wote, na yule mdogo kabisa ambaye bado hatujamwona. Mama Lea anakusalimu sana. Jesca wa shangazi, ambaye sasa ana mapacha, anakusalimu. Mzee Antipasi anasema anakudai salamu za miaka. Baba anakusalimu. Nilipomwuliza niandike salamu gani, alifikiri, akasema, “Mwandikie shikamoo.” Nikamwambia Baba, wewe ndiye mkubwa. Akasema anajua, niandike hivyo hivyo.

Mungu aliyewalea wewe na Baba kwenye chungu kimoja akushike mkono njiani, kama njia utaipanda, na kama hutaipanda akulinde huko huko.

Ni mimi mwanao nikupendaye, niliye hai kwa asali yako,

Evodia Zefania.